Malka ya Sebuleni

Mwanamize alikuwa amepiga magoti zuliani, akitandaza vitambaa vya kufuma juu ya makochi yake mapya, ng'ombe wa kwanza alipoingia sebuleni. Fundi wa kitasa alikuwa ameondoka muda si mrefu. Unga wa mbao uliomwagika alipotoboa mlango ulikuwa bado uko sakafuni. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mweupe, wa nundu, pembe zake zimetanuka, na alipita baina ya meza ya chai na kabati la vyombo bila kugusa hata kikombe. Alipofika kwenye ukuta wa nyuma, pale palipotundikwa saa, aliendelea na safari yake. Ukuta haukubomoka wala haukufanya mlango. Ng'ombe alikuwa huku, kisha akawa kule.

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilikuwa la Mwanamize mwenyewe. Dakika moja kabla ya hapo mtu alikuwa amebisha hodi, naye akaitika karibu bila kuinua kichwa, akidhani ni mwalimu Dorothy wa nyumba ya pili amekuja kuona makochi. Sasa alipogeuka alimwona mwanamume mrefu, mwembamba, fimbo mabegani, amesimama kizingitini. Viatu vyake alikuwa ameshavivua na kuvipanga nje.

"Mama, mimi Farah," mwanamume alisema. "Ng'ombe nataka maji. Iko wengi kidogo."

Mwanamize alitazama miguu mitupu ya Farah, kisha akatazama kwato za ng'ombe wa pili aliyekuwa akichungulia begani kwa mchungaji wake.

"Na hao hawavui?" aliuliza.

"Hawa hawana viatu, mama."

"Mwanangu, hii ni nyumba, si ndia," alisema Mwanamize, ambaye alizaliwa Kipini na hakuwahi kuliacha neno la kwao la njia hata baada ya kuishi Garsen miaka yote ile.

"Ndiyo, mama. Nyumba iko. Lakini malka pia iko, njia ya ng'ombe. Zamani iko hapa hapa." Farah alionyesha kwa fimbo, kutoka mlangoni mpaka kwenye saa ya ukutani, kama mtu anayemwonyesha mwenzake ilipo stendi.

Na kwa kuwa karibu ikishatoka mdomoni hairudishwi, ng'ombe walipita. Sebule ilijipanua kadiri ilivyohitajika. Makochi yalijivuta kando yenyewe, kama watu wanavyojisogeza jamvini kumpisha mgeni akae. Wote walipokwisha kuvuka, chumba kilirudi upana wake wa kawaida, na kilichobaki ni samadi mahali pawili patatu na kitambaa kimoja kilichotafunwa pembe. Mwanamize alikiangalia kile kitambaa. Alikuwa amekifuma mwezi mzima wa Ramadhani.

Haja yake duniani ilikuwa moja, nayo haikuwa kubwa: alitaka chumba chenye mlango unaofungika. Alipoolewa na Athmani aliingizwa katika nyumba ya ukoo wa mume, Garsen mjini, na chumba alichopewa kilikuwa baina ya jiko na ua. Aliyetoka jikoni kwenda uani alipita kwake. Aliyetoka uani kwenda jikoni alipita kwake. Mama mkwe alipita na sufuria, mashemeji walipita na baiskeli, kuku walipita kwa shughuli zao. Binti yao Zamzam alizaliwa nyuma ya pazia huku ami yake akivusha gunia la nazi na kuomba radhi.

Athmani alipofariki, Mwanamize alikaa eda katika chumba hicho hicho. Kila kilio kilipomfika kooni, mtu alikuwa anapita. "Pole, Mwanamize, samahani, napita tu." Mtu hawezi kumlilia mume wake vizuri mbele ya shemeji aliyebeba sinia la wali. Basi alikimeza kilio, akajiambia kitasubiri, na kikasubiri. Eda ilikwisha, miaka ikaenda, Zamzam akaolewa Malindi. Mwanamize alimpenda Athmani kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote, Athmani mwenyewe akiwemo, na hakuwahi kumlilia hata chozi moja.

Ndiyo sababu alinunua ploti. Ndiyo sababu nyumba ilijengwa kidogo kidogo, msingi mwaka huu, bati mwaka ule. Na siku ile ya kitasa alikuwa ameshaipanga: akimaliza vitambaa atafunga mlango, atakaa kwenye kochi la watu watatu peke yake, na atalia mpaka atosheke. Hata maji ya kunawa uso alikuwa ameyateka. Alitumia maji yale kuondoa samadi.

Mtaa wenyewe uliitwa Bustani, ingawa kilichokuwa kikiota hapo kwa wingi kilikuwa kuta. Ulikuwa baina ya barabara kuu ya Minjila na mto, na aliyeuchora ni Bwana Abdulnasser, mtu mpole, msafi, mwenye kanzu isiyoshika vumbi hata wakati wa upepo. Abdulnasser alikuwa ametembea miji mikubwa na kuona mitaa ya watu wenye uwezo, na alichokipenda huko ni kwamba barabara zake hazitokei popote. Zinaingia, zinajipinda, zinaishia ukutani. Mtu asiye na shughuli hana sababu ya kupita, na kwa hiyo kunakuwa na utulivu. Alirudi Garsen na wazo hilo akalifanyia kazi kwa bidii. Alichora barabara moja kutoka kwenye barabara kuu, akaitolea matawi, na kila tawi akalitolea vijitawi, na mwisho wa kila kijitawi akajenga ukuta. Ramani yake ukiishika ilikuwa na sura ya mwarobaini: matawi mengi mazuri, na hakuna tawi lililofika kwa mwenzake ila kwa kurudi kwanza kwenye shina.

Alipima ardhi wakati wa mvua. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna wa kulaumiwa sana, kwa sababu wakati wa mvua ng'ombe wa Waorma wako bara, kwenye majani mapya na mabwawa yaliyojaa, na malka, ile njia pana ambayo wazee wa wafugaji na wazee wa wakulima waliafikiana tangu zamani iachwe wazi ili mifugo ishukie mtoni, huwa imeota nyasi mpaka magotini. Abdulnasser alimkuta hapo Mzee Buya, mkulima wa ukingoni, akirudi shambani na mkungu wa ndizi kichwani, akamuuliza ni nani anayepita mahali pale. Mzee Buya alitazama kushoto, akatazama kulia. Alikuwa mtu mkweli.

"Sasa hivi, hapana mtu," alijibu.

Abdulnasser alishukuru, akapiga vigingi. Miaka kadhaa mvua zilikuwa nzuri na mifugo haikushuka; kiangazi kikali kilipoingia na mifugo ikarudi, malka ilikuwa imeshakuwa ploti, na katikati ya ploti hizo palikuwa na nyumba ndogo ya vyumba viwili yenye vitambaa vya kufuma. Ng'ombe walifika mpaka kwenye kuta, wakasimama, wakanusa. Kisha wakafuata njia yao ilipokuwa imejificha, na ilikuwa imejificha kwa Mwanamize.

Hakuna aliyeshangaa. Watu wa Bustani walikuwa wameshachoka kiasi cha kutoshangaa. Dorothy aliiona shule yake kutoka barazani kwake. Aliweza hata kusoma maandishi ya ukutani. Lakini kuifikia ilibidi atoke mpaka barabara kuu, aende nayo, azunguke stendi, arudi kwa upande wa soko, na akifika wanafunzi walikuwa wameshafukuzana mpaka wamechoka wenyewe. Msikiti ulikuwa karibu kwa sauti na mbali kwa miguu. Mtu alisikia adhana, akatoka, akafika wakati wa salamu ya mwisho. Na kila ploti mpya ilipouzwa, mji ulizidi kuwa mkubwa na kila kitu kilizidi kuwa mbali, hata vile vitu ambavyo havikusogea.

Kwa hiyo Dorothy aliposikia kwamba ng'ombe wa Farah wakitoka nyuma ya saa ya Mwanamize hutokea kwenye njia ya zamani kando ya mto, hatua chache kutoka shuleni, alikuja asubuhi na mkoba wake.

"Hodi, Mama Zamzam."

"Karibu, mwalimu. Uketi?"

"Nitaketi siku nyingine. Nimechelewa."

Akapita ukutani na daftari zake za kusahihisha kifuani. Kesho yake alikuja na wanafunzi wa mtaa mzima, wamepangana wawili wawili, na wote walisema hodi kwa pamoja kwa sauti ya kuimba, kama walivyofundishwa.

Hodi ilikuwa ya lazima. Hilo lilijulikana mapema, siku Faiz wa bodaboda alipoingia mbio bila kubisha, abiria nyuma na mfuko wa simiti mbele, akagonga ukuta kama mtu yeyote anavyogonga ukuta. Saa ilianguka. Faiz aliinuka, akajipangusa, akaisimamisha pikipiki, akatoka nje na kuanza upya.

"Mathe, hodi. Niko na mzigo."

"Karibu, mwanangu. Na hiyo saa utaitengeneza."

Aliitengeneza kweli, ila tangu siku hiyo ilikwenda nyuma kidogo. Waliobaki wote walifuata utaratibu. Walipita akina mama wa soko na beseni za samaki. Ilipita harusi ya bintiye muuza mbao, na matarumbeta, na bwana harusi akakanyaga pembe ya zulia akaomba msamaha. Lilipita jeneza, na hapo Mwanamize alisimama, akainamisha kichwa, akasoma Fatiha, na alipomaliza akakuta jeneza limeshafika makaburini wakati waombolezaji wengine waliozunguka kwa barabara kuu hawajafika hata stendi. Mzee Buya alianza kuja kutoka upande wa pili, kwa hiyo hodi yake ilisikika ndani ya ukuta, na kila alipopita aliacha ndizi mezani bila kusema za nini. Labda alikuwa amekumbuka lile jibu lake la wakati wa mvua.

Na Mwanamize alifagia. Alifagia asubuhi baada ya wanafunzi, akafagia adhuhuri baada ya soko, akafagia alasiri baada ya ng'ombe. Vitambaa alivitoa, akavifua, akavifungia kabatini. Kilio chake kilikuwa kimekaa pale pale kilipokuwa kimekaa siku zote, chini ya koo, na alianza kuona aibu kwamba amejenga nyumba nzima kwa ajili yake na bado hajakipa nafasi.

Tiba ilikuwa nyepesi na kila mtu aliijua. Njia ilifunguka kwa hodi na karibu, zote mbili. Mwanamize asingeitika, ukuta ungekuwa ukuta. Hodi ni mara tatu. Mgeni asipojibiwa mara ya tatu hurudi zake na hana haki ya kununa. Ni adabu aliyoikuta duniani na kufundishwa kabla ya kufundishwa kusuka nywele. Basi siku moja, baada ya kuswali alasiri, alifunga kitasa, akakaa kwenye kochi la watu watatu, akaweka mikono magotini, akanyamaza.

"Hodi, mama," alisema Farah nje.

Mwanamize akafumba macho. Akamwita Athmani akilini, na Athmani akaja, na ile shati yake ya kijani iliyopungua kifungo.

"Hodi."

Ng'ombe mmoja alilia nje, sauti kavu. Mwaka ule kiangazi kilikuwa kibaya. Farah alikuwa amemwambia kwamba ng'ombe wengine wametoka mbali, upande wa Bangale, na ndama wawili walibaki njiani. Mwanamize akaziba masikio. Athmani alikuwa amesimama mbele yake akitafuta kile kifungo mfukoni, jinsi alivyokuwa akifanya. Kilio kilipanda.

"Hodi, mama," alisema Farah mara ya tatu, polepole, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba baada ya hapo itabidi aondoke.

"Karibu," ulisema ulimi wa Mwanamize.

Hakuuamuru. Ulikuwa ulimi wa Kipini, na ulimi wa Kipini hauiachi hodi ya tatu ianguke chini. Alijaribu tena wiki iliyofuata, na wiki ya tatu akajaribu na maji mdomoni. Aliyatema zuliani na karibu ikatoka nyuma yake.

Akapeleka malalamiko kwenye Kamati ya Maendeleo ya Bustani. Kamati haikuwa na ofisi, na ilipotafuta mahali ambapo wajumbe wa barabara zote wangeweza kufika kwa urahisi ilipata mahali pamoja tu, kwa hiyo kikao cha kujadili sebule ya Mwanamize kilifanyika katika sebule ya Mwanamize. Wajumbe walikalia makochi yote. Yeye alisimama karibu na kabati, na alipotaka kusema ilibidi ainue mkono.

"Mie sina neno na mtu," alisema. "Ng'ombe wana haki ya mai, watoto wana haki ya shule. Nauliza tu, nami nina haki gani?"

Dorothy alisimama akasema jambo hilo ni rahisi. Kuna kuta mbili tu zinazoziba njia ya zamani, moja mwanzo wa mtaa na moja mwisho. Zikitobolewa hizo mbili, malka itapita palipokuwa pake, kando ya nyumba ya Mama Zamzam, watu watapita nje kama watu wanavyopita nje duniani kote, na barabara za Bustani zitakutana. Watu waliitikia kwa vichwa. Hata Abdulnasser aliitikia. Alikuwa mtu wa kusikiliza.

"Mwalimu amesema vyema," alisema. "Nami naumia, Wallahi, nikimuona Mama Zamzam na fagio. Lakini ploti za mwishoni ziliuzwa kwa masharti ya utulivu. Watu walinunua mwisho wa barabara. Tukiutoboa, tumewauzia mwisho usio mwisho." Hakusema kwamba ploti moja kati ya hizo ni yake, haikuwa lazima, maana geti lake jeusi lilionekana dirishani. "Na tena tujiulize, jamani. Kwa nini tutoboe ukuta, nasi njia tunayo?"

Wajumbe walitazamana. Wengi walikuwa wamepita njia hiyo hiyo kuja kikaoni, na walikuwa wamefika mapema, na chai ilikuwa nzuri. Walipiga kura. Kamati ilimshukuru Mwanamize kwa moyo wake wa kujitolea na kumpa zawadi ya fagio jipya la chelewa, ambalo Abdulnasser alimkabidhi kwa mikono miwili.

Mambo yakaenda vizuri sana baada ya hapo, kwa Abdulnasser. Alipima Bustani ya Pili kwenye ncha ya Bustani ya kwanza, akiyaendeleza matawi yale yale, na kila barabara ya huko nayo iliishia ukutani, mbali zaidi na kila kitu kuliko zile za mwanzo. Ploti zilinunuliwa haraka. Kando ya barabara kuu alisimamisha bango lenye picha ya maua: *Bustani ya Pili. Ploti tulivu zisizo na wapita njia. Mtoni ni karibu, kupitia kwa Mama Zamzam.*

Alipolisoma bango hilo, Mwanamize alikaa chini kando ya lami akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha alirudi nyumbani, akamngoja Faiz apite, akamzuia katikati ya sebule.

"Mwanangu, wewe una nguvu. Nibebee haya makochi nje."

"Unahama, mathe?"

"Nahamia ndiani."

Kwa sababu alikuwa amegundua jambo. Mwisho wa barabara yake, hatua chache kupita nyumba yake, pale murram ilipokutana na ukuta mrefu, hapakuwa na mtu. Hapakuwahi kuwa na mtu. Wenye ploti za pale, ukiacha Abdulnasser aliyekuwa na geti tu, walikuwa Mombasa na Nairobi na walikuwa wakisubiri bei ipande. Barabara ilikuwa pana, imepigwa katapila, ina mitaro pande zote mbili, na haikupitiwa hata na paka. Ilikuwa mahali penye utulivu kuliko pote Garsen. Faiz alibeba kochi la watu watatu, na la wawili, na la mmoja. Mwanamize alibeba zulia, meza ya chai na pazia. Pazia alilifunga kwa waya baina ya nguzo mbili za ua, akatandika zulia juu ya murram, akatoa vitambaa vya kufuma kabatini na kuvitandaza mahali pake, hata kile kilichotafunwa pembe.

Akakaa. Upepo wa mtoni ulikuja juu ya ukuta. Kwa mbali alisikia watu wakipita sebuleni kwake na kujikaribisha wenyewe, kwa kuwa alikuwa ameacha mlango wazi na karibu ya jumla. Hapa hapakuwa na hodi. Athmani alikuja bila kuitwa, akakaa kando yake kwenye kochi, na kochi likabonyea kidogo upande wake, jambo ambalo Mwanamize aliliona ni la kawaida kwa mtu mwenye mwili kama ule. Alikuwa bado anatafuta kifungo.

"Nilikishona," Mwanamize alimwambia. "Wewe ulikuwa ushazikwa. Nilikishona nikaiweka shati sandukuni."

Athmani alitabasamu. Na chozi la kwanza, baada ya miaka yote ile, lilitoka, likasimama kwenye kope kama linauliza ruhusa.

"Asalaam alaykum, Mama Zamzam."

Walikuwa watatu, Abdulnasser mbele, wajumbe wawili nyuma. Hawakubisha hodi kwa sababu barabarani hakubishwi hodi. Abdulnasser aliinua pazia kwa vidole viwili. Athmani aliinuka, akawapa mikono wote watatu kama mtu mwenye adabu zake, kisha akaenda. Chozi lilirudi ndani.

"Mama yangu," alisema Abdulnasser kwa huzuni ya kweli, "viti hivi vinaziba barabara."

"Nani apitao hapa?"

"Hapana apitaye. Lakini ni barabara. Iko kwenye ramani."

"Na kwangu je? Kwangu hakuko kwenye ramani?"

"Kwako ni nyumbani kwa mtu. Ndiyo maana tunabisha hodi."

Mwanamize alimtazama. Alikuwa na hasira iliyoanzia kwenye chumba cha baina ya jiko na ua, na ilikuwa kubwa hata hakujua aishike wapi. Alitaka kumtukana, na matusi ya Kipini aliyajua, mazuri, ya kumfanya mtu akose usingizi. Lakini Abdulnasser alikuwa ameshaanza kukunja kanzu, na wajumbe wake wameshika kochi la watu watatu huku na huku. Walibeba makochi yote kwa mikono yao wenyewe, wakatokwa na jasho, wakayapanga sebuleni pande mbili za ukuta ili katikati pawe wazi. Walikunja hata pazia. Abdulnasser aliomba maji ya kunywa, akashukuru, akabisha hodi na kutokea nyuma ya saa, maana alikuwa na safari ya msikitini.

Mwanamize alikaa. Hakufunga mlango.

Baada ya alasiri Farah alikuja na mifugo. Kiangazi kilikuwa kimezidi na ng'ombe walikuwa wengi kuliko siku nyingine zote, kwa sababu watu wa kwao walikuwa wameungana. Hodi, karibu. Walianza kupita, wa kwanza, wa pili, kundi zima, na vumbi la malka likaingia pamoja nao, vumbi jekundu la njia ndefu, likajaa sebuleni mpaka kabati halikuonekana, wala saa, wala ukuta wa pili. Kengele za shingoni ziligonga, kwato ziligonga, ndama waliita mama zao. Mwanamize alinyoosha mkono mbele akaona hauoni. Hakuna aliyemwona. Hakuna ambaye angeweza kusikia chochote.

Akalia. Alimlilia Athmani kwa sauti, kwa jina lake, akimlaumu, akimsifu, akimwambia habari za Zamzam na za mahari na za bati lililovuja. Alilia kwa mdomo wazi na vumbi likamwingia mdomoni. Alikililia na kile chumba cha kupitwa na watu, na akalia kwa ajili ya hiki.

Farah alikuwa mlangoni, mahali pake pa siku zote, akiruhusu mnyama mmoja mmoja. Mchungaji hujua sauti zote zilizomo ndani ya kundi lake, na sauti ile haikuwa ya ng'ombe. Hakuita, hakuuliza. Ng'ombe wa mwisho alipovuka kizingiti, Farah alisikiliza, na kilio kilikuwa bado hakijakwisha. Kisha alizunguka makochi, akapenya ukutani, na huko mtoni akawageuza waliokuwa wameshakunywa, matumbo yamejaa, akawarudisha kwa karibu ile ile, na walipotoka kwa mlango wa mbele akawageuza tena na kuwaingiza upya, wakishangaa kidogo, wao peke yao walioshangaa katika habari hii yote.

Nje foleni ilikuwa imeshakuwa ndefu. Wanafunzi wa Dorothy walikuwa wakirudi wakakwama upande wa ukutani, akina mama wa soko walikuwa wametua beseni. Mbele ya wote upande wa barabara alikuwa fundi wa Abdulnasser na toroli la matofali ya ukuta wa mwisho wa barabara mpya kabisa, akitazama jua.

"Kwani hawa ng'ombe wako wangapi?" aliuliza.

"Bado," alisema Farah. "Bado iko wengi."

Na kweli walikuwa wengi. Walipita mpaka sauti ile ndani ya vumbi ikapungua, ikawa kwikwi, ikawa kupenga kamasi. Hapo Farah akawaachia ng'ombe waende zao. Vumbi lilitua polepole juu ya kabati na makochi. Mwanamize alijifuta uso kwa ncha ya leso, akainuka, akachukua fagio.

"Hodi," alisema fundi wa toroli.

"Karibu," alisema Mwanamize, na akamshikia mlango.